Tundu Tuliloliziba Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Juni

Baridi! Nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Mume wangu ananicheka, eti mtoto wa tambarare, ngoja uone mwezi wa saba. Nikamuuliza mwezi wa saba kuna nini. Akasema kuna baridi.

Leo ndiyo nimeelewa maji ya huku. Tangu nihamie kwao nilikuwa naona mabomba yanachomoza ardhini, yameinamia mapipa, nikadhani kuna tangi mahali. Tangi wapi! Hakuna tangi, hakuna mto, hakuna kisima. Mvua ikinyesha, udongo huu mweusi unaibugia yote, kesho yake vumbi. Mlima uliwahi kutema moto zamani na tumbo lake halijapoa bado. Mvuke unatoka kwenye matundu ya ardhi. Watu wamefunika matundu kwa mawe na mabati, wakachomeka bomba refu. Mvuke unapita humo, unapoa, unageuka maji — tone, tone, tone, ndani ya pipa. Yaani tunakunywa pumzi ya mlima! Nilichuchumaa chini ya bomba letu kuangalia mpaka Mama akanipigia kelele toka mlangoni: pipa halijai kwa kutazamwa!

Mama ni mama mkwe wangu. Ana ulimi, huyu. Magoti ndiyo yamemwangusha. Tangu msimu uliopita hatembei. Ana kigoda chake, anakisukuma mbele, anajivuta, anakaa, anapumua, anakisukuma tena. Kutoka chumbani hadi mlango wa jiko, basi. Hapo anakaa kutwa anatazama shamba lake la viazi kule chini na kutugombeza. Tuta lile mmelipinda! Jembe linalia, limegonga jiwe! Nikamwambia Mama, kutoka hapa unaonaje? Akasema shamba alilolifungua kwa mikono yake halioni kwa macho.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo najitahidi kuchunga mdomo. Siwezi. Maswali yananiwasha kama upupu. Mama ameshanibatiza: Bi Kwa Nini.

Jumatano, 5 Juni

Nimechoka, miguu imejaa matope mpaka magotini, na nimefurahi.

Kijiji kizima tumeshinda kuziba matundu. Kiangazi kikiingia mvuke unanywea, basi kila mwaka matundu madogo yote yanazibwa ili pumzi yote ipite kwenye makubwa yenye mabomba. Unakanda udongo wa mfinyanzi na nyasi kavu, unashindilia, unaweka jiwe juu. Wanawake tunakanda kwa miguu huku tunaimba. Mimi maneno siyajui, naitikia tu mwisho, tena kwa sauti kubwa. Wamenicheka sana.

Kuna tundu moja haliguswi. Liko nyuma ya jiko letu, dogo, ngumi haiingii. Linaitwa Pua. Nikauliza kwa nini hatulizibi. Mume wangu: limeachwa tu, ndivyo ilivyo. Bi Kabichi — jirani yetu wa upande wa juu, shamba lake lote kabichi, jina likaja lenyewe — akasema huwezi kumziba mtu mdomo ukamziba na pua, atakufa. Nikamuuliza, nani huyo atakufa? Akaangua kicheko, hajui. Nikamwendea Mama. Akasema baba mkwe wake aliliacha, mume wake akaliacha, na yeye akaliacha.

Basi mdomo wangu huu! Nikasema kama hakuna anayejua sababu, labda sababu yenyewe haipo.

Nilidhani nimetukana. Mama akanitazama, akatazama pipa letu, chini kabisa, maji hayafiki kiganja. Akasema: Bi Kwa Nini si mjinga. Zibeni.

Bi Kabichi aliguna. Lakini ndoo zake nazo zilikuwa tupu, hakubisha. Mume wangu akashindilia udongo kwa mpini wa jembe, mimi nikaweka jiwe.

Ijumaa, 7 Juni

Maji! Maji! Pipa limejaa likamwagika! Bomba halidondoshi tena, linakojoa — samahani, lakini ndivyo. Majirani wa chini wamekuja na ndoo, na madumu, mmoja na sufuria. Wote wananishukuru mimi. Nimefua mapazia.

Mama anatembea na sifa yangu mdomoni. Kwa kigoda, lakini anatembea nayo.

Jumapili, 9 Juni

Jambo la ajabu. Kuku wetu mweupe amehamia chumbani kwa Mama. Nikimtoa anarudi. Nikifunga mlango anazunguka anaingia dirishani. Kwa nini? Kuku hana mapenzi na Mama, Mama kila siku anamtishia kisu.

Nikavua viatu, nikaingia. Sakafu ina joto!

Si joto la jua, chumba kile hakioni jua. Joto la chini kwa chini, kama tumbo la mtoto aliyelala. Mama alikuwa ameshashusha godoro kitandani, amelitandaza chini upande wa ukuta wa jiko. Amelala chali, miguu ameinyoosha, uso umelainika hata sikumjua.

Nikasema, Mama, sakafu...

Akasema, nyamaza. Funga mlango.

Nikafunga. Akanishika mkono, akanikalisha. Tangu lini, nikamuuliza. Tangu usiku wa pili baada ya kuziba. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata mume wangu. Nikaapa. Nilikuwa na hamu tu ya kuendelea kukaa pale, nyayo zangu zilikuwa hazijapata moto tangu nifike mlima huu.

Jumanne, 11 Juni

Mama amesimama.

Nilikuwa namenya viazi. Nikasikia mkwaruzo wa miguu, nikajua ni kigoda, sikugeuka. Nikasikia kata inazama pipani. Kata! Pipa liko nje, kigoda hakifiki. Nikageuka. Amesimama wima kashika ukingo wa pipa, anakunywa maji, mengine yanamwagikia kifuani. Akanambia, unashangaa nini, menya viazi.

Mume wangu alirudi kutoka kupakia magunia akamkuta Mama kaegemea mlango kwa miguu yake miwili. Akazunguka nyuma ya ghala. Nilimfuata baadaye kidogo — alikuwa analia kama mtoto, kafunika uso kwa kofia. Ananiuliza ni dawa gani? Nikasema labda ni yale mafuta ya kuchua. Mh. Uongo wangu wa kwanza kwake, na nimeutoa bila kumeza mate.

Alhamisi, 13 Juni

Mama ameenda shambani!!

Na jembe! Amepalilia nusu tuta, amekaa, amepalilia tena. Alipofika kwenye tuta tulilolipinda akatuita wapofu. Wapita njia walisimama wakampigia vigelegele, akawarushia bonge la udongo. Sijawahi kuona mtu ana raha kiasi kile na magugu. Alikuwa akiyang'oa anayaongelesha: ulidhani nimekufa, ee? Ulidhani nimekufa?

Mchana akaja Bi Kabichi. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Hakukaa. Anasema bomba lake linakohoa. Jana lilitoa matone, leo linatoa upepo mtupu, na kabichi zake zinajikunja. Akauliza kwetu vipi. Pipa letu lilikuwa linamwagika mbele ya macho yake. Nikamjazia ndoo mbili, nikambebea moja. Njiani akasema mwanangu, lile tundu. Nikamjibu sijui. Nilijua.

Udadisi ukanishinda. Mama alipokuwa bado shambani nilikata mshumaa vipande, nikavisimamisha chumbani mwake, kila pembe kimoja, na kimoja kando ya godoro. Nikakaa kuangalia. Vya upande wa dirisha vilisimama vizuri. Cha mlangoni kikalegea kiuno. Kile cha ukuta wa jiko kiliinama, kikainama, kikalala. Na cha kando ya godoro kikawa uji.

Sasa nimeelewa kitu, na sikipendi. Pumzi ya Pua haikwenda yote kwenye bomba. Nyingine imetafuta njia yake, na njia yenyewe inapita hapa, chini ya mgongo wa Mama. Ndiyo maana Bi Kabichi hapati kitu.

Nikakwangua nta na kisu kabla hajarudi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwambia Mama habari ya mishumaa. Akasema mishumaa ya siku hizi ni mibovu.

Jumamosi, 15 Juni

Kuku amekufa.

Nimeingia asubuhi kumpelekea Mama chai. Harufu kwanza — mayai viza. Halafu nikaona ufa. Umetoka chini ya ukuta wa jiko, mwembamba kama uzi, unapita ubavuni mwa godoro. Kuku mweupe amelala juu ya ufa, mabawa kayakunja vizuri, hana jeraha, hana damu. Mama yuko juu ya kitanda, kichwa kinamuuma. Bahati yake! Anasema alikosa usingizi chini, alihisi kizunguzungu, akapanda kitandani alfajiri.

Nikamwambia, Mama, kuku amekufa.

Alikuwa mzee, akasema.

Mama! Kuku huyu ametaga juzi!

Akavuta shuka. Nikachukua mguu wa godoro, yaani pembe yake, nikaliburuta nje mwenyewe, godoro, mto, kuku, vyote uani. Akaniita majina ambayo sitayaandika humu. Nikafungua dirisha. Halafu nikaenda moja kwa moja kwa mume wangu ghalani nikamwambia yote. Kiapo nimekivunja, Mungu anisamehe, ningeapa tena ningevunja tena.

Mume wangu aliweka kiganja juu ya ufa, akakiondoa haraka. Akasema tunafungua Pua leo leo.

Mama alikuwa mlangoni, kasimama, kashikilia miimo kwa mikono yote miwili.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, mmeniona nimekaa hapa mlangoni msimu mzima. Mlidhani napumzika. Nilikuwa nimekaa kwenye shamba langu mwenyewe kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Mkifungua nitarudi kwenye kigoda, na safari hii sitainuka tena.

Mume wangu akasema atamjengea chumba karibu na tundu kubwa, na sakafu nzuri iliyoinuliwa, mara tu baada ya mavuno. Mama akacheka. Baada ya mavuno, akasema, baba yako aliniahidi mlango mpya wa ghala baada ya mavuno, nikamzika akiwa anaahidi. Nikasema tutakuchemshia mawe, tuyafunge kwenye kitambaa. Amejaribu. Kabla hujafunika mguu jiwe limeshapoa. Kukaa kando ya bomba? Amejaribu pia — mvuke unakulowesha, upepo unakupiga, unarudi na magoti mabaya kuliko uliyoenda nayo.

Kila ninalofikiria ameshalifikiria. Hilo ndilo lililoniliza.

Hatukufungua. Mume wangu amempeleka Mama alale jikoni, akang'oa dirisha la chumba chake zima zima na fremu, hewa ipite.

Jumapili, 16 Juni

Watu wamekuja. Habari huku haitembei, inaruka.

Nilidhani wote watasema tufungue. Wapi! Majirani wa chini, wale wa ndoo na sufuria, hawataki kusikia. Kiangazi bado kirefu, viazi vimeanza kutoa maua, maji hayajawahi kuwa mengi hivi. Mmoja akasema Mama ahame chumba tu, shida iko wapi. Mwingine akasema kuku hufa kila siku. Bi Kabichi peke yake alisimama. Akasema ameshapoteza kabichi, hilo analimeza, lakini shoga yake amelala juu ya kaburi na nyie mnahesabu ndoo.

Mama akamwambia, shoga, wewe unataka bomba lako.

Bi Kabichi akasema ndiyo, nalitaka bomba langu. Na wewe nakutaka pia.

Wakatazamana. Wamekuwa marafiki tangu wakiwa wanawali, mume wangu ananiambia. Bi Kabichi akachukua ndoo yake tupu akaondoka. Sikuthubutu kumjazia mbele ya Mama, na bado naona haya.

Kila mtu aliondoka ananiangalia mimi. Wiki iliyopita nilikuwa mwenye akili. Sasa nimekuwa mgeni aliyeuliza.

Nikainua mkeka jikoni jioni. Ufa umefika huku. Mfupi, kidole tu, umepenya chini ya ukuta. Nikamwonyesha mume wangu. Mama aliuona pia. Akarudisha mkeka juu yake kwa mguu. Tumelala wote ghalani, juu ya magunia.

Jumatatu, 17 Juni

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya jiko. Nisipoandika nitamaliza kucha.

Asubuhi tulipoamka Mama hakuwepo ghalani. Alikuwa amerudi chumbani kwake. Dirisha halipo, upepo unaingia, na yeye yuko chini, miguu kainyoosha juu ya ufa kama mtu anayeota moto. Kasema kwa hewa yote hii hafi mtu. Ufa sasa unaingiza ncha ya kisu. Na unasikika. Unapiga mluzi mdogo, unanyamaza, unapiga tena.

Mume wangu akatoka. Nikadhani ameenda kuchukua mtalimbo. Akarudi na blanketi letu. Akalitandika chini, kando ya Mama, akalala kifudifudi, shavu kwenye sakafu, pua kwenye ufa.

Mama akamwambia toka. Hakutoka. Toka hapo, wewe mtoto! Akajibu kwa upole tu kwamba kama mahali ni salama kwa mama yake, ni salama kwake. Mama akamvuta blanketi. Akamvuta shati. Mwisho akamshika sikio, mwanamume mzima mwenye ndevu, akamwinua nalo. Wote wawili wanakohoa. Mimi nimesimama mlangoni sijui nicheke au nipige yowe.

Mama akakaa juu ya kitanda. Akasema: haya. Fungueni.

Halafu akaweka sharti. Tundu halitafunguliwa akiwa hapa. Anaenda shambani kwa miguu, sasa hivi, magoti yakiwa bado yana moto wa mlima. Kuna tuta moja hajalimaliza. Anataka alimalize mwenyewe, asimame mwisho wake alitazame. Akimaliza atavua kitambaa cha kichwa apunge, ndipo tufungue, na si kabla. Yatakayotokea magotini yatokee huko huko, tutamfuata na machela. Sharti hilo tu.

Mume wangu akasema sawa, Mama.

Akateremka na jembe begani. Hakushika ukuta. Kila mtu kijijini alikuwa mlangoni kwake na hakuna aliyepiga kigelegele.

Sasa mume wangu kapiga magoti nyuma ya jiko, mtalimbo ameshauchomeka kwenye udongo wa Pua. Kutoka pale haoni shamba. Mimi ndiye jicho lake. Bi Kabichi amekuja, hakubisha hodi, kasimama kando yangu na ndoo yake. Chumbani ule mluzi hauna tena kituo. Jiwe nililoliweka kwa mikono yangu siku ile limeanza kutetemeka kidogo, mume wangu kanionyesha.

Mama anapalilia. Polepole, kwa unyoofu. Tuta lake limenyooka kama lililochorwa.

Amefika mwisho.

Amejinyoosha. Amelitazama tuta lote, toka mwanzo. Mkono umekwenda kichwani, kwenye kitambaa.

Amekikaza. Amekifunga upya, fundo kisogoni. Ameinama — ameanza tuta la pili.

Bi Kabichi ameona. Nimemwangalia, naye ameniangalia. Ameweka ndoo yake chini taratibu, isilie, akaikalia.

"Amepunga?" mume wangu anauliza toka nyuma ya jiko. "Mke wangu! Amepunga?"

"Bado," nimemjibu. "Hajamaliza."